Alama Mlangoni, Tangazo Sebuleni

Filamu ya Spider-Man ilipoingia kumbi za sinema za Uingereza Juni 2002, watoto wa nchi hiyo walikuwa wanamjua shujaa wake kama jirani. Vinyago na fulana za yule bwana wa suti nyekundu na buluu vilikuwa vimetangulia madukani, na matangazo yalikuwa yameshapita sebuleni mara nyingi. Tatizo likawa mlangoni. BBFC, bodi inayopanga filamu kwa umri nchini humo tangu 1913, ilikuwa imeipa alama ya 12, na siku zile 12 haikuwa na mjadala: aliyebakiza wiki moja kutimiza miaka 12 hakuingia, hata kama ameshikwa mkono na baba na mama.

Wazazi wakaja juu. Kwa sheria za Uingereza, bodi hutoa alama lakini halmashauri ya eneo ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu nani aingie sinema. Kwa kawaida mamlaka hayo hayatumiki. Safari hii yalitumika. Halmashauri kadhaa, zikiwamo ya Tameside karibu na Manchester na ya North Norfolk, ziliamua kwamba watoto wadogo waione Spider-Man wakiwa na mtu mzima. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo BBFC ikaiondoa 12 ya sinema na kuleta 12A, yaani aliye chini ya miaka 12 aingie mradi ana mkubwa wake. Ni kweli bodi ilikuwa imeshaijaribu kanuni hiyo katika mji wa Norwich mwaka uliotangulia, kwa hiyo si haki kusema buibui huyo aliibadili peke yake. Lakini ndiye aliyemaliza ubishi.

Yatazamwe mambo hayo kwa mpangilio wake. Kampuni ilitengeneza filamu ambayo, kwa kipimo cha bodi, haikuwafaa watoto wadogo. Ikaitangaza kwa watoto wadogo. Watoto walipozuiwa mlangoni, kilichobadilishwa ni mlango.

Watu wengi huichukulia alama ya umri kama cheti cha daktari: mtaalamu amepima, akaandika, basi. Ukweli ni kwamba mara nyingi alama hiyo ni matokeo ya majadiliano ya kibiashara, na katika majadiliano hayo idara ya matangazo imekaa kiti cha mbele. Tena alama hupita mlango mmoja tu, wa ukumbi, ilhali tangazo hupita kila mahali.

Chimbuko la mfumo unaoigwa zaidi duniani liko Marekani. Tangu 1934 studio za Hollywood zilikuwa zikijichunga kwa kanuni zilizojulikana kwa jina la Hays, zilizoeleza hata mhalifu amalizwe vipi mwisho wa hadithi. Kufikia miaka ya 1960 kanuni hizo zilikuwa zimechoka. Jack Valenti, aliyekuwa kiongozi wa MPAA, chama cha studio kubwa, alizifuta na kuweka herufi za kupanga filamu kwa umri kuanzia tarehe 1 Novemba 1968. Si Bunge lililozitunga, wala hakuna askari anayezisimamia. Mtayarishaji hulipa ada ili filamu yake ipangwe, jopo la wazazi ambao wengi majina yao hayatangazwi huitazama na kupiga kura, na wenye kumbi hukubali kuzifuata herufi hizo kwa makubaliano tu. Lengo mojawapo lilikuwa wazi: viwanda vijichunge vyenyewe kabla serikali na miji haijaamua kuvichunga.

Herufi moja ilikuwa na bahati mbaya. X, iliyowekwa kwa ajili ya filamu za watu wazima tupu, haikusajiliwa kama alama ya biashara, na watengenezaji wa picha za ngono wakaichukua bure, wakaiongeza mpaka zikawa tatu. Midnight Cowboy ilikuwa na X ilipotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 1970. Miaka michache baadaye, mtu mwenye heshima zake hakutaka kuonekana akiingia ukumbi wenye herufi hiyo. Mwaka 1990 X ikapewa jina jipya, NC-17, na balaa likahamia huko: baadhi ya magazeti yalikataa kuzitangaza filamu hizo na kumbi nyingi hazikuzipokea. Filamu isiyotangazika ni sawa na filamu isiyopo, na ndiyo maana waongozaji wengi hukata wenyewe matukio yao kabla NC-17 haijawafikia.

Herufi iliyoleta fedha ilizaliwa mwaka 1984, na aliyeiomba ni Steven Spielberg. Mwezi Mei mwaka huo alitoa filamu ya pili ya Indiana Jones, ambamo kuhani anachomoa moyo wa mtu kifuani huku ukidunda. Mwezi Juni ikafuata Gremlins, aliyoitayarisha, ambamo mama wa nyumbani anamwangamiza kiumbe mmoja kwenye mashine ya kusagia na mwingine kwenye oveni ya mikrowevu hadi analipuka. Zote mbili zilikuwa PG, yaani za kutazamwa na familia kwa uangalizi wa mzazi. Kelele zilipozidi, Spielberg alimshauri Valenti aweke daraja kati ya PG na R. Tarehe 1 Julai 1984 PG-13 ikaanza kazi. Filamu ya kwanza kuingia kumbini ikiwa nayo ilikuwa Red Dawn, Agosti mwaka huo.

Kwenye karatasi PG-13 ni onyo kwa mzazi: baadhi ya mambo huenda yasiwafae walio chini ya miaka 13. Isomwe tena hiyo sentensi. Haimkatazi mtu yeyote kuingia. Mtoto wa miaka 8 anaweza kukata tiketi yake na kuketi. R ndiyo inayozuia, kwa kumtaka aliye chini ya miaka 17 aje na mtu mzima. Kwa muuzaji wa filamu, basi, PG-13 ilikuwa zawadi: inamwahidi kijana kwamba hapa hapana uchekechea, na wakati huohuo haimfungii mlango mdogo wake. Wachuuzi wa Hollywood hugawa watazamaji katika mafungu manne, wanaume na wanawake, walio chini na walio juu ya miaka 25. Filamu ya gharama kubwa inatakiwa iyaguse yote manne, na R hulipunguza fungu la vijana, wale wanaokwenda sinema kwa makundi na kurudia filamu ileile Jumamosi inayofuata.

Hapo ndipo vinyago vinapoingia. Mwaka 1992 Batman Returns, yenye PG-13, ilitangazwa kupitia mlo wa watoto wa McDonald's, ule wenye zawadi ndani ya boksi. Wazazi waliowapeleka watoto kutazama kilichotangazwa na boksi hilo walimkuta Penguin, mhalifu wa filamu hiyo, akitokwa na ute mweusi mdomoni, na malalamiko yakamiminika. Filamu iliyofuata, ya 1995, ilipewa mwongozaji mwingine, Joel Schumacher badala ya Tim Burton, na ikawa na rangi nyingi na vitisho vichache. Safari hiyo filamu ndiyo iliyokatwa kulingana na kinyago. Kipi kati ya viwili hivyo ni bidhaa na kipi ni tangazo, ni swali ambalo wenye studio wenyewe huenda wasingelijibu kwa mkupuo mmoja.

Ushahidi mzito wa namna mambo yanavyoendeshwa ulitoka serikalini. Baada ya mauaji ya shule ya Columbine, Aprili 1999, Rais Bill Clinton aliitaka FTC, tume ya shirikisho inayosimamia haki katika biashara, ichunguze kama burudani ya ukatili inauzwa kwa watoto. Tume iliomba nyaraka za ndani za studio, na studio zikazitoa. Ripoti ilitoka Septemba 2000. Kati ya filamu 44 za R ambazo tume ilizichambua, 35 zililenga walio chini ya miaka 17, yaani asilimia 80. Kwa 28 kati ya hizo 44, mpango wa matangazo uliandika waziwazi kwamba watoto wa umri huo ni sehemu ya walengwa.

Mpango mmoja ulieleza kwamba shabaha yake ni kuhakikisha kila mtu mwenye umri wa miaka 12 hadi 18 anakutana na filamu hiyo. Waraka mwingine, kuhusu mwendelezo wa filamu ya kutisha, ulipendekeza kuwahoji watoto wa miaka 10 na 11, kwa hoja kwamba filamu ya kwanza ilikuwa imetazamwa na watoto wa umri huo. Yaani R ilikuwa imewekwa mlangoni kuwazuia, na ofisi ya pili ilikuwa imetuma watu na kalamu kuwauliza wanataka kuona nini mwakani. Wakuu wa studio waliitwa mbele ya kamati ya Seneti mwezi huohuo, wakaahidi kujirekebisha.

Walijirekebisha? Kwa kiasi, na zaidi upande wa mlango. FTC ilikuwa ikiwatuma vijana wa miaka 13 hadi 16, bila mzazi, wajaribu kununua tiketi za R. Mwaka 2000 waliofanikiwa walikuwa asilimia 46. Mwaka 2013 walikuwa asilimia 24. Hayo ni mafanikio na yasibezwe. Lakini studio nazo zilikuwa zimejifunza somo lao: badala ya kuuza R kwa watoto na kuitwa Seneti, ni nafuu kutengeneza filamu ileile ya risasi na kuibana mpaka ipewe PG-13. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la madaktari wa watoto, Pediatrics, ulionyesha kwamba ukatili wa bunduki katika filamu za PG-13 ulikuwa umezidi mara tatu tangu 1985, na kufikia 2012 ulikuwa umepita hata ule wa filamu za R.

Kubana kwenyewe ni kazi ya mikono, na inafaa kuonekana kwa karibu. Mwaka 2012 The Hunger Games, hadithi ya watoto wanaolazimishwa kuuana uwanjani mbele ya kamera, ilikuwa inaelekea kupewa 15 Uingereza. Msambazaji alitaka 12A, kwa sababu wasomaji wa riwaya yenyewe walikuwa vijana wadogo. Zikakatwa au kubadilishwa sekunde saba. Matone ya damu yalifutwa kwa kompyuta, na damu iliyokuwa kwenye majeraha na silaha ikapunguzwa. Watoto bado wanauana, idadi ileile, kwa sababu zilezile. Kilichoondoka ni damu.

Kuna jambo la kusikitisha katika hesabu hiyo. Damu ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba panga lina uchungu. Ukiifuta, unabaki na kifo kisafi, mtu anaanguka na kamera inageuka. Mtu anaweza kudai kwamba toleo lililosafishwa ndilo linalomfundisha mtoto uongo mkubwa zaidi, na mwandishi wa safu hii yuko upande wa anayedai hivyo.

Linganisha na The King's Speech ya 2010. Hakuna anayepigwa hata kofi. Mfalme mwenye kigugumizi, kwa maelekezo ya mwalimu wake wa kusema, anamwaga mfululizo wa matusi ili ulimi ufunguke. Marekani iliipa R kwa ajili ya maneno hayo. Uingereza ilianza na 15, wasambazaji wakakata rufaa, ikashushwa hadi 12A. Filamu ilipokwisha kutwaa Oscar mwaka 2011, toleo jingine lilitolewa Marekani likiwa limezibwa baadhi ya maneno ili lipate PG-13. Filamu moja, nchi mbili zinazozungumza lugha moja, alama tofauti.

Wapo pia waliogundua kwamba katazo lenyewe linauzika. Deadpool ya 2016 ilikuwa R na haikuficha; mabango yake mengine yalijifanya ya filamu ya mapenzi ya Valentino, na utani wote ulitegemea mtazamaji kujua kwamba ndani kuna uchafu. Iligharimu kiasi cha dola milioni 58 na kuingiza zaidi ya milioni 780 duniani. Tangu hapo R si adhabu tena kwa kila filamu ya mashujaa.

Huku Afrika Mashariki, bidhaa hufika kabla ya filamu, na mara nyingi filamu haifiki sinema kabisa. Begi la shule lenye sura ya Spider-Man, kama yale yanayoning'inizwa Kariakoo au Gikomba, lina nafasi ya madaftari mawili matatu na chupa ya maji. Mikanda yake ni mifupi. Hakuna kijana wa miaka 13 atakayelivaa. Na filamu zote za Spider-Man zenye waigizaji wa kweli, tangu ile ya 2002, zimepewa PG-13 huko zilikotengenezwa. Ukubwa wa begi unaeleza nani analengwa, bila haja ya kuomba nyaraka za ndani.

Kenya ina sheria inayoweza kuligusa jambo hili kuliko nchi nyingi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ni ya mwaka 1962, na imefanyiwa marekebisho baadaye. Inaipa bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB, kazi ya kukagua kila filamu na pia kila bango linalowasilishwa kwake. Bango limetajwa sambamba na filamu. Madaraja yake ni manne: GE kwa wote, PG, 16 na 18. Hakuna 13. Kwa hiyo filamu ya PG-13 inapotua Nairobi lazima ichaguliwe upande, ipande hadi 16 au ishuke hadi PG, huku trela yake mitandaoni ikiendelea kutembea na alama ya Kimarekani. Mzazi anayeona alama mbili huamini ile inayomfaa.

Bodi hiyo imejulikana zaidi kwa kupiga marufuku. Aprili 2018 ilizuia Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wanaopendana, wiki chache kabla haijawa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa katika tamasha la Cannes. Daraja la 18 lilikuwepo na halikutumika. Kwa maelezo ya mwongozaji, aliambiwa abadili mwisho wa hadithi, akakataa. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany alisimamisha marufuku kwa siku saba ili watu wazima waliotaka waione na ili filamu iweze kushindania Oscar. Ukumbi wa Prestige, Nairobi, ulijaa. Hakuna bajeti ya matangazo ambayo ingeweza kuinunulia filamu ndogo kama ile umaarufu ule. Mtu anaweza kuikubali au kuikataa hadithi yenyewe, lakini kazi ya daraja la umri ni kusema nani aone. Likigeuzwa kuwa chombo cha kusahihisha hadithi, linapoteza heshima yake hata pale linapohitajika kweli, kama kwenye filamu za risasi.

Tanzania nayo ina Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976. Lakini kwa miaka mingi sinema ya wengi, kwa pande zote mbili za mpaka, imekuwa kibanda: kibanda umiza cha Dar es Salaam, banda la video la Kenya. Nje pana ubao. Kwa chaki yameandikwa majina ya filamu, saa na kiingilio, pengine na mechi ya jioni. Herufi za umri hazipo, na mtoto mwenye sarafu ni mteja kama mwingine. Ndani yuko msimulizi. Lufufu alijizolea jina Tanzania kwa kuzitafsiri filamu za kigeni kwa sauti yake, na DJ Afro amefanya hivyo Kenya, akizitia chumvi na utani mpaka hadithi inakuwa yake. Hapo alama ya Hollywood inapotea njia kabisa. Filamu iliyopewa R kwa sababu ya matusi ya Kiingereza inasikika kwa Kiswahili na Sheng isiyo na tusi hata moja kati ya hayo, au yenye mapya ambayo hakuna bodi iliyoyasikia. Risasi, ambazo hazikuhesabiwa sana, ndizo zinazobaki kama zilivyokuwa.

Simu imelifanya gumu zaidi suala la bango. Netflix ilieleza hadharani mwaka 2017 kwamba picha inayotangaza filamu ndani ya programu yake huchaguliwa kulingana na aliyotazama mteja. Mfano wake ulikuwa Good Will Hunting: mpenda mapenzi anaonyeshwa wapenzi wawili wakikaribia kubusiana, mpenda vichekesho anaonyeshwa Robin Williams. Filamu moja ina mabango mengi, kila mmoja na lake. Sheria inayosema kila bango likaguliwe iliandikwa kwa ajili ya karatasi iliyobandikwa ukutani.

Hilo halina maana kwamba bodi zikunje mkeka. Zinaweza kudai kitu kidogo na cha maana: sababu ya alama iandikwe pamoja na alama, kwa Kiswahili, popote tangazo lilipo. Marekani ilianza kueleza sababu za R mwaka 1990, na BBFC huandika zake kwa kila filamu. "16" peke yake haimwambii mzazi kama tatizo ni busu au ni kuchinjwa kwa mtu, na hakuna wazazi wawili wanaoogopa kitu kilekile. Alama itokee pia mwanzoni mwa trela, na iwe ile ya nchi tangazo linapoonyeshwa, si ya Hollywood.

Kwa mzazi anayesubiriwa mlangoni na mtoto aliyevaa begi la buibui: autazame mstari mdogo ulio chini ya alama kuliko alama yenyewe, na kama mstari huo haupo, aulize dirishani filamu imepewa daraja hilo kwa sababu gani kabla hajatoa fedha.